Mkwe Wangu na Kesi ya Jeppe

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi kali. Unga uligoma kuumuka, nimeukanda mara mbili. Maandazi yametoka madogo lakini yameisha mapema. Makarani wa mahakama wakiwa na njaa hawaangalii ukubwa.

Mama Furaha kaja na gazeti. Ni yule Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele pembeni ya meza yangu hapa Marshalltown, Johannesburg. Ndani ya gazeti picha ya mkwe wangu. Kakunja mikono, miwani, nyuma yake vitabu mpaka juu. Nimeikata nikaibandika kwenye chupa kubwa ya chai. Kila aliyekuja kunywa nimemwonyesha. Huyu ndiye aliyemuoa Lindiwe wangu. Profesa wa sheria. Tarehe ishirini anasimama mahakama kuu, hapo nyuma yangu tu, kuwasemea watu wa lile jengo la kiwanda cha zamani kule Jeppestown. Wanatakiwa watoke, waende wapi hawakuambiwa. Mama Furaha mwenyewe anakaa humo na watoto wake.

Kaniangalia nikizungusha chupa kwa wateja, kasema, "Sasa Mama Lindi, leo unauza chai ama unauza mukwe?"

Nimecheka mpaka machozi. Siku nzuri.

Jumatano, 6 Agosti

Lindiwe kaondoka kwenda Durban. Mafunzo ya manesi, wiki mbili na nusu. Tumbo limeanza kuonekana. Nimemwambia asibebe begi, kabeba. Kiswahili anakielewa chote ila ananijibu kwa Kizulu cha marehemu baba yake, na kwa Kizulu mtoto hata akikaidi anasikika ana adabu.

Lindiwe akiondoka, mimi na mkwe hatuna mdomo. Maneno yetu yote yanapita kwake. Kwetu Ukaguru, Tanzania, mama mkwe hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Wala hali naye chakula. Akipita najitanda kanga nageukia ukutani. Mpaka alete zawadi ya kufungua mdomo, na huyu wangu ataijuaje? Ndugu zake wako ng'ambo ya bahari, hakuna wa kumwelekeza. Mimi kuomba siwezi, ni aibu kubwa zaidi. Lindiwe kamwambia eti mama ana haya tu. Haya! Jina lake sijawahi kulitamka, hata humu siliandiki.

Ila habari zake ninazo zote. Katoka kisiwa kidogo cha Karibiani. Kwenye ramani ya ukutani kwa Lindiwe nilikitafuta nikakikosa, kumbe kilikuwa chini ya kidole changu. Watu weusi kama sisi, mababu zao walipelekwa kule kulima miwa. Mama yake alikuwa akifua mashuka ya hoteli. Mtoto akawa na akili, serikali ikamsomesha, kwanza kisiwa cha jirani, halafu Uingereza. Wenzake walibaki huko huko kutafuta hela. Yeye akarudi kufundisha. Akaandika kitabu kinene, habari za watu waliozaliwa kwenye vibanda vya mashamba ya miwa, bibi kazaliwa humo, mama kazaliwa humo, siku moja mwenye shamba anakuja na polisi anasema tokeni. Kitabu hicho ndicho kilichomleta Johannesburg. Chuo kilimwita kwa mwaka mmoja. Akakutana na Lindiwe, na mwaka ukagoma kuisha.

Siku ya kupewa uprofesa kamili alivaa joho jekundu. Nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi tusionane macho. Nililia kumshinda Lindiwe.

Na mtu huyo huyo akiwa barabarani polisi wanamsimamisha. Wanamsemesha Kizulu, hajui. Wanadai pasi. Anaitoa, anasema asante. Ningekuwa mimi ningewarushia usoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika kidogo.

Kaja mwanamume. Kofia nyekundu ya sufu, koti la ngozi zuri. Kakaa kwenye kreti. Chai na maandazi. Mpole, anaitikia vizuri. Kaiangalia picha. Kauliza kwa Kizulu, "Mama, huyu ndiye mkwe wako unayemsifia kila siku?"

Nikasema ndiye. Mjinga mimi. Nikamwongezea na chai.

Kafuta vidole kimoja kimoja. Kasema, "Basi mwambie siku ya kesi augue. Kichwa, tumbo, achague mwenyewe. Akiwa mzima siku hiyo tutamuuguza sisi."

Kanishukuru. Kasifu maandazi. Kaondoka polepole kama mtu aliyeshiba.

Mama Furaha kasema anamjua. Ni mtu wa yule tajiri anayelitaka jengo la Jeppe likiwa tupu. Wiki kadhaa sasa anapita vyumbani na wenzake, anagonga milango, anauliza watu wanahama lini. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini alimjibu vibaya. Bado anatembelea magongo.

Nimeibandua picha. Imebaki gundi kwenye chupa. Mimi ndiye niliyemtangaza. Mimi na mdomo wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake. Hapa kwangu Hillbrow kelele tupu chini, muziki kila dirisha. Mimi ndani, komeo, na kiti nimekiegemeza mlangoni.

Nimwambie nani? Lindiwe akisikia atapanda basi leo leo na tumbo lake, arudi kwenye nyumba ileile. Abaki Durban. Polisi nikawaambie nini, kuna mtu kasema mkwe wangu augue? Watanicheka.

Amebaki mkwe mwenyewe. Sasa mkwe nitamwambiaje?

Nimejaribu mbele ya kioo. "Baba, kuna watu..." Nikakwama. Yaani nimeona haya mbele ya kioo. Mama yangu mzazi, siku baba Lindiwe alipokuja kujitambulisha, alikimbilia ghalani akakaa na mahindi mpaka wageni wakaondoka. Walimletea chakula humo humo. Hiyo ndiyo damu niliyo nayo.

Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata njia. Mtu wa kati anaruhusiwa. Mama Furaha aseme badala yangu.

Simu yangu inapokea tu, kupiga imekataa toka ilipodondoka, kwa hiyo tumetumia yake. Nimemfundisha maneno. Mwambie, wamekuja kwa mama mkwe wako, wamesema usiende. Kayarudia vizuri kabisa. Kapiga. Ikaita. Mkwe kapokea.

Mama Furaha macho yakamtoka. Kaziba simu kwa kiganja. "Kingereza! Haukuniambia iko Kingereza! Mie minajua 'how much' na 'sharp' tu!" Kanisukumizia sikioni. "Sema weye. Ni mukwe yako, haiko simba."

Sauti yake karibu hivyo! Kama kasimama nyuma ya shingo yangu. Halo? Halo? Nani mwenzangu?

Nikajitanda kanga. Kwenye simu. Nikapumua tu. Pumzi zikanitoka kama nimepanda ngazi. Nikakata.

Mama Furaha kanicheka mpaka mteja wake kalalamika nywele zinavutwa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejaribu tena. Pumzi tu. Nimekata.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana. Maneno yanafika kooni yanarudi. Mara ya pili kanyamaza na yeye. Tumesikilizana tu, kila mtu kimya chake. Nikakata.

Kofia nyekundu kasimama ng'ambo ya barabara, kwenye robot, zile taa za barabarani. Taa zikaruhusu, watu wakavuka, yeye hakuvuka. Kaninyanyulia kidole gumba. Kama ananiuliza, vipi, umeshasema?

Nimeunguza chapati zote za kwenye kikaango. Moshi ukanipa sababu ya kufuta macho.

Alhamisi, 14 Agosti

Lindiwe kapiga analia. Kizulu, Kiingereza, vyote kwa pamoja. Nimemtuliza kwanza, nikamwambia akae chini.

Kuna mtu anampigia mkwe simu. Namba asiyoijua. Hasemi. Anahema tu kama mnyama kisha anakata. Kila siku. Mkwe hapitii tena njia yake ya kawaida, gari halali mahali pamoja. Kawaambia mawakili labda ajitoe. Kasema yeye peke yake angevumilia, ila kuna mke na kuna mtoto tumboni, na mtu asiyesema huwezi kujua anataka nini. Kesho kutwa au Jumatatu ataamua.

Nikakaa juu ya ndoo ya unga. Wameipata namba yake! Hawakunisubiri mimi, wameshamfikia. Nikamsimulia Mama Furaha.

Kanisikiliza mpaka mwisho, kitana mkononi. Kasema taratibu, "Mama Lindi. Anahema kila siku?"

Kila siku.

"Namba haijui?"

Haijui.

"Si njo simu yangu hii?"

Mungu wangu. Mnyama ni mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Furaha bado anacheka. Kila nikipita ananihemea. Kasema Lindiwe akirudi atamweleza mumewe, yataisha, watacheka wote.

Mimi sicheki. Kuna wazo limeingia jana wakati nakoroga chai na halitoki.

Mkwe anataka kujitoa. Akijitoa haendi. Asipoenda, kofia nyekundu hana shida naye. Lindiwe anajifungua, mtoto anamkuta baba yake mzima. Na sikutakiwa hata kusema neno. Nikae kimya tu. Kukaa kimya ndiyo kazi ninayoiweza.

Upande wa pili yuko Mama Furaha. Ananigawia kiti chake nikichoka. Kila siku ananihesabia siku za kesi kwa vidole kama mtoto anangoja Krismasi. Kasema mukwe yako atatuokoa, Mama Lindi, minamuombea kila asubui.

Sikumwangalia usoni leo. Kanisuka bure. Mikono yake ilikuwa ya moto kichwani kwangu na mimi nawaza kumuuza.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefanya.

Nimemwomba simu, nikamwambia nampigia Lindiwe. Kanipa bila kuuliza, kaniambia nimsalimie sana. Nikaenda nyuma ya vyoo vya stendi ya teksi. Nikapiga. Safari hii sikutaka kusema. Nilitaka ahofu. Nikahema kwa makusudi, kwa nguvu, mwanamke mzima, bibi mtarajiwa, nimesimama kwenye matope nahema ndani ya simu ya mtu.

Nilitaka nikate. Kaanza kusema.

Kiingereza changu ni cha mezani, lakini kasema polepole, kama anavyosema na wanafunzi wake nadhani. Kasema, sijui wewe ni nani. Kama shida ni kesi, shida yako ni na mimi. Mke wangu hana kosa. Kisha kasema, na mama yake anauza chai barabarani, ni mtu mzima, mpole, hajui lolote. Tafadhali. Yule mama usimguse.

Kasema tafadhali. Sauti ikakatika katikati.

Nimekata. Nimekaa palepale. Makondakta wananiita mama, vipi, unaumwa? Nikasema nimekula vibaya.

Nilikuwa namtisha, na yeye ananiombea mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimepanda teksi mpaka kwao, kule kilimani ng'ambo ya Jeppestown. Njiani nikataka kushuka mara nyingi. Nikashikilia kiti.

Kafungua mlango mwenyewe. Kashtuka. Toka waoane sijawahi kufika Lindiwe hayupo. Nikageuka, kanga kichwani, nikaingia kwa ubavu kama kaa. Nikafika jikoni. Nikasimama mbele ya friji.

Na nikaongea na friji.

Nimeiambia friji yote. Kiswahili, Kizulu, Kiingereza cha mezani, kilichokuja. Simu ni mimi. Kila simu ni mimi. Mwanzo nilitaka kukuonya, kwetu mkwe hasemeshwi, mdomo ulinifunga. Ila ya jana nilikusudia. Nilitaka usiende. Nisamehe.

Kimya. Nikafikiri kaondoka. Halafu nikasikia kicheko. Kilianza kidogo, kikamshinda, kashika meza. "Ilikuwa wewe? Mama, ilikuwa wewe?" Kacheka mpaka kakohoa. Nami nikaanza kucheka, uso kwenye friji, machozi yanatiririka.

Ndipo nikamwambia habari za kofia nyekundu. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Kaniuliza maneno yenyewe. Nikamtajia. Kichwa, tumbo, achague mwenyewe. Nikasikia kiti kinavutwa, kakaa. Nadhani alielewa sasa kwa nini naangalia friji, maana na yeye alipojibu sauti ilielekea upande mwingine, dirishani. Mtu wa heshima.

Kasema, "Nimeandika vitabu miaka yote hii. Hakuna aliyewahi kuogopa nilichoandika. Wanafunzi wanasinzia. Hawa ndio wa kwanza."

Nilitaka nimchape. Mtu katishiwa maisha, anajiona kapewa tuzo.

Lakini hakuwa anajivuna. Kasema kisiwani kwao alishinda kwenye vitabu tu. Kitabu kikasifiwa, yeye akapanda cheo, na watu wa vibanda vya miwa aliowaandika walitolewa vilevile, mmoja mmoja. Kitabu kikawa sahihi, vibanda vikawa havipo. Hii ndiyo mara ya kwanza anaitwa kabla watu hawajatolewa. Ndiyo maana alikubali. Simu zilimtisha kwa sababu hakujua zinamtaka nani, alidhani Lindiwe. Sasa anajua ni nani na kwa ajili ya nini. Hofu yake sasa ina jina.

Kisha kaniuliza mimi. "Mama, unataka nisiende?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kikubwa hivyo. Waliosoma hawaniulizi.

Nikamwambia friji, sitaki uende. Na ni kweli, sitaki, mpaka sasa naandika sitaki. Nikamwambia, ila rafiki yangu anakaa humo na watoto. Mikono yake imenisuka juzi. Nenda.

Kasema sawa.

Kachemsha maji, kaweka kikombe karibu yangu juu ya friji, katoka nje ninywe peke yangu.

Jumatatu, 18 Agosti

Mkwe kawaambia mawakili na chuo. Wataweka walinzi, gari halitakuwa lake, atapita mlango wa nyuma. Polisi wameandika maelezo. Yeye ndiye aliyenyooka kama msumari, mimi ndiye niliyetapika asubuhi.

Nimemwambia Mama Furaha ukweli wote. Na ile ya Jumamosi.

Kaacha kusuka. Mteja kashikilia nusu ya kichwa chake. Mama Furaha kaniangalia. Kasema, "Angalikuwa mutoto yangu, na mie ningehema." Karudi kwenye nywele. Hakunisemesha tena mpaka jioni. Kiti chake hakunigawia. Haki yake.

Lindiwe kapiga, kashaambiwa na mumewe. Hakulia. Kanikemea kama mimi ndiye mtoto. Kisha kasema mtoto kapiga teke.

Jumanne, 19 Agosti

Kofia nyekundu hakuja. Nilitaka aje nijue yuko wapi. Asipoonekana yuko kila mahali.

Kila gari likipunguza mwendo nageuka kuangalia.

Jumatano, 20 Agosti

Meza sikuiweka. Nimevaa gauni la kanisani. Mama Furaha kanipitia, hatujasema mengi, kanishika mkono tu wakati wa kuvuka. Wa jengo walikuja wengi, na wazee, na mzee wa magongo. Mlangoni wanakaguliwa mifuko.

Kofia nyekundu alikuwepo. Nilimtambua kwa koti. Ndani wanaume wanavuliwa kofia, kavua. Kipara. Kichwa kidogo hivi, kinang'aa, kama cha mtoto aliyenyolewa. Kaniona, kainama kidogo kunisalimu. Nikaitikia. Hofu ina adabu zake.

Mkwe kaingia kwa mlango wa mbele. Kawakatalia walinzi. Ningemzaba.

Jaji mwanamke, uso wa uchovu. Wa upande wa pili kasema sana, karatasi nyingi. Kisha wakamwita mkwe. Kumbe si wakili wao, wanamwita rafiki wa mahakama, yaani hana upande, anamsaidia jaji kuona sheria vizuri. Kasimama. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa hiyo nilichokiona wengine hawakukiona. Mikono alikuwa kaiweka mgongoni, kashika kalamu. Kalamu inatetemeka. Sauti haitetemeki hata kidogo, kalamu inaruka kama samaki.

Kumbe naye. Muda wote huo nilidhani usomi unaondoa hofu.

Sikuelewa mengi. Nilisikia neno "nyumbani" likirudi na kurudi. Kataja kisiwa chao. Jaji kaacha kuandika, kavua miwani, kamuuliza swali. Kajibu. Kauliza jingine. Wamekwenda hivyo mpaka nikasahau kugeuka nyuma kuangalia koti la ngozi. Nilipogeuka, nafasi ilikuwa tupu.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Yuko wapi? Yuko nje? Yuko kwenye gari? Sikusikia mwisho. Mama Furaha ndiye aliyenibana mbavu. Jaji kasema atatoa hukumu baadaye, na mpaka hapo mtu yeyote asiguswe, asitolewe chumbani. Watu wakaanza kuimba. Mama Furaha kapiga magoti kwenye ile sakafu safi, kaitandaza sketi yake yote.

Mimi nilikuwa nahesabu walinzi.

Alhamisi, 21 Agosti

Meza nimeiweka. Wateja wengi, wote wanataka kuulizia. Nimesema sijui Kiingereza.

Kofia nyekundu hakuja.

Mama Furaha kanisogezea kiti. Kasema, "Ikaa, Mama Lindi. Unasimama kama polisi." Nikakaa. Nikajikuta nalia kwenye unga.

Mkwe kaitwa na mkubwa wa chuo. Wengine wanampongeza, wengine wanauliza mgeni anawafundishaje wenyeji sheria yao. Kibali chake cha kazi kinaisha mwakani na kuna wanaosema kisiongezwe. Lindiwe kanieleza hivyo kwenye simu kama habari ya hali ya hewa. Nimegundua hofu ya kofia imeondoka kidogo na ya karatasi imekaa mahali pake.

Jumapili, 24 Agosti

Lindiwe karudi jana. Leo nimekwenda kwao baada ya kanisa. Mzima, kanenepa mashavu. Yuko jikoni anapika wali na kuimba vibaya.

Mkwe kalala sebuleni kwenye kochi, jua la dirishani limempata miguuni. Soksi moja ina tundu. Kitabu kiko kifuani kinapanda na kushuka. Kakonda wiki hizi mbili. Mdomo wazi kidogo. Mtu wa vitabu vyote hivyo, akilala ni mtoto wa mama fulani tu. Huyo mama, kule kwenye mashuka yake, leo hajui mwanawe alikuwa wapi Jumatano. Bora.

Lindiwe kaniambia njoo ukae jikoni, kuna joto. Nimesema naja.

Nimechukua kiti nikakiweka dirishani, nikaangalia geti. Gari limepunguza mwendo. Limesimama. Nikasimama. Ni jirani, kateremsha mifuko ya sokoni na mbwa. Nikakaa tena.

Kalala vizuri. Hakuota kitu. Nimemwangalizia geti mpaka alipoamka.